Kurwa Niliyemzaa Barazani

Mimi, Zeyana binti Mmanga, ndiye niliyevimaliza vita vya vijana katika mtaa wetu huku Ng'ambo. Polisi walikuja wakashindwa, sheha kaitisha mikutano mpaka sauti ikamkauka, mimi nimevimaliza kwa mdila wa kahawa. Basi, kusema kweli, mimi ndiye pia niliyevianzisha, lakini hilo tulifikie pole pole, maana nikilisema mbio mtaacha kusoma.

Kwanza mjue ninavyoishi. Nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Marehemu mume wangu aliijenga akiwa na matumaini makubwa, akisema vyumba vitatu havitatosha. Tukajaaliwa watoto wawili. Mahfoudh yuko Maskati, hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala, na kila Ijumaa huniuliza nimekula nini, kama kwamba yeye ndiye mama. Khairat yuko Dar es Salaam, ana mume, ana kazi, na mimi ana picha yangu. Majirani niliozaa nao wakati mmoja wamehamia Fuoni na Chukwani, wamejenga nyumba zenye geti, na za hapa wamepangisha watu wanaotoka alfajiri na kurudi wamechoka hata kusalimia.

Nikawa napika wali wa mtu mmoja. Asiyepika wali wa mtu mmoja hajui tabu yake. Ukipunguza maji unaungua, ukizidisha mchele unakula kiporo siku tatu. Halafu nikaanza kuzungumza na friji. Friji yangu hunguruma kwa muda kisha hunyamaza, na mimi nikawa nangoja inyamaze ndipo niseme langu. Adabu ni adabu.

Siku moja, mfungo umeshapita, nikasikia hodi. Kufungua mlango, watu wawili. Mmoja mrefu, mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Wa pili mfupi, mnene kidogo, ana kovu limeanzia sikioni likaishia kidevuni. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Mrefu ni Mjaka, aliyekuwa mkubwa wa genge la Bati Jekundu. Mfupi ni Junaid, mkubwa wa genge la Kisimani. Miaka kumi na tano nyuma, ukisikia milango inafungwa mchana, ujue mmoja wao anapita. Vile vidole viwili vya Mjaka vilikwenda na panga la Junaid, na lile kovu la Junaid ni kazi ya Mjaka. Wote wawili walifungwa, wakakutana jela, wakanywa uji wa sufuria moja, na walipotoka wakatoka pamoja.

"Shikamoo, Bi Zeyana," wakasema.

"Marahaba. Mmekuja kuiba au kuomba?"

"Kuomba," akasema Junaid.

"Sina kitu."

"Una dirisha," akasema Mjaka. "Nyinyi bibi zetu ndio mnaokaa madirishani. Mnaona nani anapita na nini. Tunaomba ukiona vijana wanakusanyika na mambo yasiyoeleweka, utupigie simu."

"Ili mje muwapige?"

"Hatupigi."

"Mnafanya nini sasa?"

Wakatazamana kama watoto walioulizwa na mwalimu. "Tunakaa," akasema Mjaka.

Na ndivyo ilivyo, sikuongezi. Wakisikia pahala panafukuta, huenda wakakaa pale pale kwenye baraza iliyo karibu, kutoka alasiri mpaka magharibi, na ubao wao wa keram, ule mchezo wa kusukuma kete, na kahawa. Hawahubiri. Kijana akiuliza anajibiwa, asipouliza anachezeshwa keram. Na kwa vile Mjaka mkono wake haushiki mdila sawasawa, Junaid ndiye anayemmiminia. Kila kijana anayepita anauona ule mkono, anamuona aliyeukata, na anamuona aliyeukata akimmiminia kahawa mwenyewe. Wengine walikuwa wanapita mara tatu ili wahakikishe.

Haikupita wiki mbili nikawapigia, na mara hiyo ilikuwa kweli tupu. Vijana wa sasa wa Bati Jekundu na vijana wa sasa wa Kisimani waligombana kwa sababu ya mechi, wakarushiana mawe mbele ya mlango wangu, maana nyumba yangu iko kati kwa kati ya maskani zao. Mjaka na Junaid wakaja wakakaa barazani kwangu siku tisa.

Jamani, siku tisa! Kete za keram zinagonga, watu wanacheka, mtu anaita, "Bi Zeyana, sukari!" mwengine, "Bi Zeyana, huyu kaniibia kete!" Nikapika wali kwa sufuria niliyokuwa nimeisahau juu ya kabati. Nikakaanga kachori. Nikagombeza watu viatu vyao mlangoni, na hakuna raha duniani kama kugombeza watu kwa ajili ya viatu vilivyojaa mlangoni.

Alasiri moja Junaid keshakwenda msikitini, Mjaka alibaki anafuta ubao. Akasema bila kuniangalia, "Bi Zeyana, katika mtaa huu wote nyumba inayonikaribisha mpaka ndani ni hii tu."

"Watu wana kazi zao," nikamwambia.

"Watu wana kumbukumbu zao," akasema. "Wana haki." Akanihadithia kwamba ana binti, Badria, miaka kumi na miwili, yuko Chwaka kwa bibi yake mzaa mama. Kila Jumapili huenda Chwaka. Bibi anajibu salamu, anapokea mfuko wa vitu, anasema mtoto hajambo, na mlango haufunguki zaidi ya upana wa mfuko. "Nasimama kidogo barabarani," akasema. "Pengine humsikia akisoma."

Nikamwambia, "Sema nikupakulie." Akala sahani mbili.

Siku ya kumi vijana wakacheza mpira pamoja, wakagombana na refa badala ya kugombana wenyewe. Mjaka akainua ubao. "Kazi imekwisha, Bi Zeyana. Kuna mtaa mwengine unatuita. Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," nikasema na mimi. Mdomo ulisema.

Kesho yake saa za alasiri nikachemsha kahawa kwa mazoea, nikatoa finjani tatu, nikarudisha mbili kabatini. Keshokutwa nikatoa tatu tena. Nilihesabu siku kumi na moja. Katika siku hizo aliyepiga hodi kwangu ni mtu wa maji na mwanamke aliyekosea nyumba, na yule mwanamke nilimchelewesha robo saa nikimuelekeza njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaijua.

Siku ya kumi na mbili nikachukua simu.

"Mjaka, mwanangu. Kuna kijana hapa."

"Kijana gani?"

Nilikuwa sijamfikiria. Nikatazama dirishani: kuku, pipa, kamba ya nguo. "Mrefu," nikasema. "Anachechemea. Anapita hapa alasiri na kitu kirefu kakifunga gunia. Simpendi anavyoangalia."

"Anaitwa nani?"

"Nimesikia wanamwita Kurwa."

Sijui kwa nini nikasema Kurwa. Ukitaka kusema uongo, usichague jina la pacha. Siku ile ile walipokuja kukaa, Junaid akaniuliza, "Na Doto wake yuko wapi?" Mimi na umri wangu huu nikawa nimejifungua wawili! Nikasema Doto alikufa mchanga kwa surua. Junaid akasema maskini, akainua mikono akamuombea, na mimi nikaitikia amina. Nilimzaa mtoto na kumzika kahawa haijapoa.

Wakakaa wiki. Wakakaa wiki mbili. Kila walipoanza kusema labda huyu Kurwa kahama, Kurwa alipita. Alikuwa anapita wao wakiwa msikitini, au wakiwa wamekwenda kununua kashata. Mara kavaa fulana nyekundu, mara kakohoa mbele ya mlango kwa makusudi. Nikamjua vizuri. Kuna asubuhi nilikuwa nafagia uwani nikajikuta nafikiri leo avae nini. Watoto wangu wa kuzaa nawapenda, Mungu awahifadhi, lakini Kurwa aliwapita kwa jambo moja. Alikuja kila nilipomhitaji.

Kosa langu ni kwamba nilidhani watu wale wanakaa tu. Kumbe wakikaa, wanauliza. Mjaka alikwenda Bati Jekundu akawauliza vijana, "Mnamjua Kurwa, mrefu, anachechemea?" Hawakumjua. Lakini tokea siku ile wakamjua. Junaid akawauliza wa Kisimani. Nao hawakumjua, ila waliposikia kwamba Bati Jekundu wanamuogopa, wakasema, "Kurwa? Wetu huyo."

Bi Mwatum, jirani yangu muuza vitumbua, akaja kwangu asubuhi moja buibui limemkaa upande.

"Shoga, umesikia khabari za Kurwa?"

"Nimesikia."

"Mimi nimemuona."

"Umemuona?"

"Kwa macho yangu haya! Darajani, kwenye samaki. Macho mekundu hivi."

"Macho mekundu?" nikauliza, maana mimi sikumpa macho mekundu.

"Mekundu! Na jino la dhahabu."

Nisiwafiche, kwanza nilihisi wivu. Kijana nimzae mimi, watu wamvishe dhahabu bila kuniuliza. Lakini Bi Mwatum hakumaliza. Akakaa kwenye mkeka, akaanza kuizungusha ncha ya kanga kidoleni.

"Abdulla wangu analala na panga," akasema.

Abdulla ni mjukuu wake, miaka kumi na saba, kijana wa Bati Jekundu. Nilimpa pipi tangu hajaota meno. "Nimetandika kitanda nimelikuta chini ya godoro. Nimemuuliza, kanambia, Bibi, Kurwa akija atatukuta macho. Shoga, yule mtoto hajawahi kuchinja hata kuku. Kuku namchinjisha kwa jirani."

Nikamwambia atulie, Mjaka na Junaid wapo. Akanywa maji akaondoka. Siku ile sikumpitisha Kurwa. Nikafikiri nikimnyima njia atakufa mwenyewe.

Jumanne ikawa. Nilikuwa dirishani, jua bado kali. Nikasikia makelele, "Kurwa! Kurwa huyo!" Wallahi moyo wangu uliruka, nikatoa kichwa nimuone. Aliyekuwa anakimbia ni Muhiddin, fundi baiskeli wa kule Kisimani. Mguu wake mmoja mfupi tangu kuzaliwa, na amepita mbele ya dirisha langu kila siku ya Mungu kwenda kibandani kwake. Hapo ndipo nilipojua ule mwendo niliompa Kurwa nimeutoa wapi. Nyuma yake vijana sita saba wa Bati Jekundu, na Abdulla yumo. Muhiddin anakimbia kwa mguu mmoja na nusu, anapiga kelele, "Mimi si Kurwa! Jamani, mimi Muhiddin!" Jiwe likampata juu ya jicho. Alijitupa ndani ya msikiti, na damu ikabaki kwenye ngazi. Imamu alitoka akasimama mlangoni mikono wazi, ndipo wakatawanyika.

Nilimuita kwa jina lake mara mbili kutoka dirishani. Sauti haikutoka.

Alishonwa nyuzi saba. Jumatano, vijana wa Kisimani wakatuma neno: Ijumaa, watu wakitoka msikitini, tutakuja kumlipia Muhiddin. Bati Jekundu wakajibu, "Karibuni."

Alasiri ile Mjaka na Junaid walikaa barazani kwangu wala hawakuweka ubao. "Mimi ndiye niliyelipeleka jina lile maskani," Mjaka akamwambia Junaid. "Kabla yangu hawakuwa wanalijua."

"Tulilipeleka sote," akasema Junaid.

"Watu walianza kunijibu salamu. Yule mzee wa duka la kona juzi kanijibu."

Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya dirisha, na mdila mkononi. Nikasimama mpaka ukanichoma. Mambo yalikuwa wazi hata kwa mtu aliyeishia darasa la saba. Nikisema kweli, watainuka hapa na hawatakaa tena, na nitachemsha kahawa ya finjani moja mpaka siku nitakayochukuliwa kwenye jeneza. Nisiposema, Ijumaa atakatwa mtoto wa mtu kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Nikajipa mpaka kesho. Usiku ule sikulala. Nilijaribu kuyasema mbele ya friji, na hata yeye alinguruma katikati.

Alkhamisi nikavaa kanga mpya. Ukienda kujifedhehesha, vaa vizuri. Nikatoka na sinia ya kahawa na kashata, nikaikuta baraza imejaa, nikakaa hapo pamoja nao badala ya dirishani. Mjaka alikuwa amewaita watu. Bati Jekundu watano, Abdulla kakaa mwisho anatazama vidole vya miguu. Kisimani wanne, na Muhiddin katikati yao, kichwa kimefungwa bendeji nyeupe. Bi Mwatum kasimama kizingitini kwake, vitumbua vinaungua ndani na hasikii.

"Wanangu," nikasema, "nna neno."

"Ngoja, Bi Zeyana," akasema Mjaka kwa upole. "Langu kwanza, tafadhali." Akasimama. "Nimeonana na Kurwa."

Kashata ilinikwama kooni. Junaid akanipiga mgongo.

"Nimeonana naye jana asubuhi," akaendelea Mjaka. "Mangapwani, kwa ami yake. Si mtu wa Kisimani yule. Wala hana ugomvi na Bati Jekundu. Ni kijana tu aliyekosa mtu wa kumsikiliza, akaona bora atishe watu. Nimezungumza naye mpaka adhuhuri. Kaniapia. Anaomba radhi kwa wote, na zaidi kwa Muhiddin aliyepigwa kwa jina lake. Leo kapanda boti, anakwenda kwa mama yake Tanga. Na hiki kanikabidhi."

Junaid akafungua gunia akatoa panga. Kubwa, limeliwa na kutu. Akaliweka chini, na hakumtazama mtu yeyote.

Vijana wote wanalitazama lile panga kama maiti. Mimi nilimtazama Mjaka. Mtu kakutana na mwanangu ambaye hakuzaliwa, kamshika mkono, kampandisha boti! Na uso wake mkavu, hata jasho hana. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikanywa kahawa.

"Sasa," akasema Mjaka, "Kurwa kaomba radhi na yeye hakurusha jiwe. Aliyerusha yuko hapa."

Halafu Abdulla akainuka. "Ni mimi," akasema. "Ndugu yangu Muhiddin, niwie radhi."

"Nilikwambia mimi si Kurwa," akasema Muhiddin.

"Sikusikia."

"Nilisema mara kumi!"

"Nilikuwa nakimbia."

"Na mimi nilikuwa nimekaa?"

Kijana mmoja wa Kisimani akapasuka kicheko, akajiziba mdomo, ikawa keshachelewa. Wakacheka wote. Hata Muhiddin, akashika bendeji kwa maumivu huku anacheka. "Utakuja kibandani kwangu mwezi mzima," akamwambia Abdulla, "unishikie baiskeli. Na ukiniita Kurwa nakupiga pampu."

Abdulla akakimbia kwao, akarudi na lile panga kalifunga kwa kanga ya bibi yake, akaliweka juu ya jengine. Bi Mwatum akaja nyuma yake anaidai kanga yake huku analia. Mwengine akaleta nondo. Mwengine mnyororo wa baiskeli, na Muhiddin akaruka, "Huu wangu! Nimeutafuta tangu Rajabu!" Ikawa kicheko tena. Junaid akaweka ubao, na wa Bati Jekundu na wa Kisimani wakagombea kete mpaka adhana ya magharibi.

Wakaenda kusali, wakatawanyika majumbani. Mjaka na Junaid wakarudi kuchukua vitu vyao. Junaid akajaza silaha ndani ya gunia. Mjaka akafuta ubao kwa makini, akaupachika kwapani.

"Kazi imekwisha, Bi Zeyana. Kuanzia kesho tunahamia mtaa wa pili."

Hapo mtu mwenye akili angelisema alhamdulillahi akafunga mlango. Siri yangu ilikuwa imefunikwa, imefunikwa na mtu mwengine kwa mikono yake, bure. Mtoto wa mtu hakukatwa. Muhiddin atapona. Lakini baraza ilikuwa bado ina joto la watu. Kulikuwa na maganda ya njugu chini, na finjani kumi na moja hazijaoshwa, na nikajua kesho nitaosha moja.

"Mnaondoka kweli?"

"Naam."

"Na akirudi?"

"Nani?"

"Kurwa."

Mjaka akatabasamu. "Harudi huyo. Kaniapia."

"Vijana wa siku hizi kuapa kwao ni kama kupiga miayo."

"Huyu kaapa kwa moyo, Bi Zeyana. Nimemshika mkono." Akauinua ule mkono wake. "Alilia."

"Hakulia."

"Alilia, nakwambia. Machozi mpaka kwenye shati."

"Kurwa halii!"

"Mbele yako pengine. Mbele yangu kalia. Ami yake shahidi."

"Hana ami!"

Junaid alikuwa ameinama anafunga gunia. Akaacha kufunga.

Nilipaswa kunyamaza. Lakini walikuwa wanaondoka, na mtu wangu niliyemlea wiki tatu wanamuondoa pamoja nao. Wamempandisha boti bila ya kumuaga mama yake, na hawanibakishii hata yeye. Nikasimama. "Muongo wewe, Mjaka," nikasema. "Muongo mkubwa! Hujaonana na Kurwa. Hukumshika mkono, na Mangapwani hukukanyaga. Mtu mzima unakaa barazani kwangu, unakunywa kahawa yangu, halafu unanidanganya usoni?"

Nilidhani atakasirika. Mjaka akauweka ubao chini taratibu, akakaa, akanipisha na mimi nikae.

"Kweli," akasema. "Mangapwani sikwenda. Panga ni la baba yake Junaid, la kukatia majani ya mbuzi."

"Umeona!" nikasema, na kwa sekunde moja nilifurahi kabisa, kama mtu aliyeshinda kete.

"Tumewauliza watu mitaa minne," akasema Mjaka. "Hakuna anayemjua mama yake. Hakuna aliyesoma naye skuli. Mtu wa namna hiyo sikuwa na pa kumtafuta, ikabidi nimkute." Akanitazama, bila ukali wowote. "Sasa wewe nambie, Bi Zeyana. Umejuaje kwamba sikumuona?"

Mimi sikosi jibu. Tangu utoto sikosi.

"Kwa sababu yupo," nikasema. "Leo asubuhi kapita hapa hapa. Nimemuona."

"Kapita?"

"Kapita. Kanisalimia."

Junaid akainama, akamimina kahawa iliyobaki, ya baridi, akaniwekea mbele yangu. Hakuna aliyecheka. Wote wawili walikuwa wananitazama, wananingoja niseme kweli, na mimi nikahisi masikio yananiwaka.